Hedi ya Land Rover 109 imetoka mashine shopu: jinsi ya kuirudishia na kufunga injini mpaka iwake

Wakuu, hii ni kwa wenye Land Rover za zamani, Series II, IIA na III, zenye injini ya petroli ya lita 2.25, ile ya cc 2286. Gasketi iliungua au valvu zilikwisha, hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) ikaenda mashine shopu, sasa imerudi iko kwenye gunia na gari limekaa bila boneti. Kipande hiki cha kurudishia ndicho watu wanakiharakisha kwa sababu wameshachoka na wanataka gari. Ukifuatilia hedi zinazorudi mashine shopu baada ya muda mfupi, nyingi kazi ya mashine haikuwa na tatizo kabisa, tatizo ni uchafu na bolti, basi. Kwa hiyo hayo mawili nitakaa nayo sana, mengine nitapita haraka.

Injini yenyewe ilianza kuwekwa 1958 na ikaendelea mpaka Series III ilipofika mwisho 1985. Bloku chuma, hedi chuma, hakuna aluminiamu hapo, kamshafti iko chini kwenye bloku na inasukuma valvu kwa pushirodi, yaani vijiti virefu vya chuma. Kuanzia 1980 krenki ina bearing kuu tano badala ya tatu, ila kwa kazi ya hedi haikuhusu. Ni injini ya kusamehe sana, ndiyo maana ile Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover na nyingine umri wake unawazidi madereva, lakini kusamehe kuna mwisho wake.

KABLA HUJAFUNGA CHOCHOTE, KAGUA HEDI

Usiipokee tu kwa sababu inang'aa. Igeuze uso juu, chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli kweli, iweke kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari pande zote mbili, halafu jaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ya 0.05 mm chini yake. Ikipita, irudishe mashine shopu waisawazishe uso tena, usijidanganye kwamba gasketi itaziba. Waulize pia wamekata kiasi gani, maana hedi iliyokatwa mara nyingi inapandisha kompresheni na utakuja kusikia injini inagonga mlimani ukiwa umeweka petroli ya kawaida.

Kisha jaribu valvu. Hedi ikiwa bado imegeuzwa, funga plagi, mimina mafuta ya taa kwenye kila chumba cha moto, subiri kama dakika kumi huku unachungulia kwenye matundu ya inteki na ya eksozi kwa tochi. Unyevu kidogo si neno, ikitiririka hiyo valvu haijasagwa vizuri au siti (kikalio cha valvu kwenye hedi) haijakaa. Na kabla ya jaribio hilo gonga ncha ya shina la kila valvu, upande wa springi, mara moja kwa nyundo ya plastiki, zile pini mbili ndogo zinazoshika springi zikae mahali pake, pini ikichomoka injini inazunguka valvu inadondokea pistoni na hapo hatuongelei hedi tena.

Halafu suala la siti za eksozi. Petroli yenye risasi ilishaondolewa Afrika yote kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na hizi injini zilitengenezwa wakati risasi ndiyo ilikuwa inalinda siti. Kama hedi yako bado ina siti zake za zamani, valvu za eksozi zinazama polepole ndani ya hedi na tapeti zinajibana zenyewe, yaani ile nafasi ya valvu inapungua. Ukiwa mashine shopu ndiyo wakati wa kuwaambia waweke siti ngumu, ukishafunga umechelewa. Kama hawakuweka siyo mwisho wa dunia, utakuwa unakagua tapeti mapema zaidi tu.

La mwisho, osha hedi upya hata kama wamesema wameosha. Maji ya moto na sabuni, brashi nyembamba kwenye kila tundu la oili na la maji, pulizia kompresa mpaka kusitoke kitu. Chenga za chuma na mchanga wa kusagia valvu zinabaki kwenye tundu la oili linalokwenda kwenye roka (mikono inayosukuma valvu), ukiwasha tu zinaenda moja kwa moja kwenye shafti ya roka. Hapa watu wanacheka wakiona mtu anaosha kitu kilichooshwa, waache wacheke.

BLOKU: USAFI NA MATUNDU YA BOLTI

Ziba silinda kwa matambara safi, ziba na matundu ya pushirodi, yale hasa, kwa sababu kipande cha gasketi ya zamani kikidondoka humo kinaishia kwenye tapeti za chini, zile zinazopanda juu ya kamshafti, au kwenye sampu (bakuli la oili). Tapeti hizo kwenye injini hii zina rola na gaidi zake (vipande vinavyoziongoza) zilizoshikwa na skrubu pembeni ya bloku, hizo usiziguse kama hazina shida. Kwangua uso wa bloku kwa skrepa au wembe mpana, taratibu, bila msasa wa kwenye grainda. Ile diski ya grainda inachimba mabonde ambayo macho hayaoni ila gasketi inayaona, na vumbi lake ni sumu kwa ringi za pistoni. Ukimaliza pitisha rula na fila geji kwenye bloku pia kama ulivyofanya kwenye hedi, watu wengi wanapima hedi tu.

Sasa matundu ya bolti, na hapa naomba utulie. Ulipotoa hedi maji na oili viliingia kwenye hayo matundu, na mengine yamezibwa chini. Ukikaza bolti juu ya maji, maji hayabanwi, kwa hiyo ama toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) itakudanganya kwamba imefika wakati hedi haijashikwa, ama bloku inapasuka kwenye tundu, na bloku yenye ufa ni chuma chakavu. Nyonya kila tundu kwa bomba la sindano, pulizia kompresa ukiwa umevaa miwani, halafu pitisha tepu (kifaa cha kukatia nyuzi) ya nusu inchi UNF, yaani nyuzi nyembamba za inchi, kusafisha nyuzi. Huna tepu? Chukua bolti moja ya zamani, ichanje mifereji miwili mitatu kwa urefu na msumeno wa chuma, ipitishe kwa mkono taratibu na inatoa uchafu vizuri tu.

Bolti zenyewe zisugue kwa brashi ya waya mpaka ziingie kwa vidole hadi chini. Hizi siyo kama za magari mengi ya kisasa ambazo zinavutika na zinatumika mara moja, hizi unaweza kurudishia, ila yenye nyuzi zilizolika, iliyopinda au iliyoliwa na kutu shingoni itupe. Habari njema kwa wasio na spana za inchi: bolti kubwa kichwa chake ni robo tatu inchi, ambayo ni 19.05 mm, kwa hiyo soketi ya 19 inakaa sawasawa. Zile ndogo za roka kichwa ni nusu inchi, yaani 12.7, ukilazimisha 13 inacheza na itakula kona. Tafuta ya nusu inchi.

GASKETI NA KUSHUSHA HEDI

Hakikisha gasketi ni ya petroli, usikubali ya dizeli ya 2.25 kwa maneno ya muuza spea kwamba zinaingiliana. Ilaze juu ya bloku bila kitu, angalia kila tundu, silinda, maji, oili, pushirodi, bolti, moja baada ya nyingine, kisha ilaze kwenye uso wa hedi uangalie tena. Tundu likizibwa, ni gasketi siyo au umeigeuza. Kama imeandikwa upande wa juu, fuata maandishi.

Na silikoni. Hapana. Najua kuna fundi atakwambia tupake kidogo tu kwa usalama, na atapaka. Silikoni kwenye gasketi ya hedi inateleza, inakatika vipande, vipande vinaenda kuziba njia ya maji na ya oili. Gasketi hizi za kisasa zinawekwa kavu, bloku na hedi vikiwa vimefutwa kwa tambara lenye thina mpaka tambara litoke jeupe.

Hedi ni nzito kweli, usiishushe peke yako ukitegemea kuisukumasukuma ikae, ukiisukuma juu ya gasketi unaichana. Fanya hivi: chukua bolti mbili ndefu za zamani, kata vichwa, chanja mfereji wa bisibisi juu, zifunge kwa vidole kwenye bloku moja mbele moja nyuma. Hizo ndizo gaidi. Weka gasketi, toa matambara yote (yahesabu wakati wa kuweka na wakati wa kutoa), pakaza oili safi kwenye kuta za silinda, halafu watu wawili mnashusha hedi ikifuata gaidi hadi chini. Weka bolti chache kwa vidole, fungua gaidi kwa bisibisi, weka bolti zake.

PUSHIRODI NA ROKA, KABLA YA KUKAZA

Hapa injini hii inawachanganya waliozoea nyingine: baadhi ya bolti kubwa za hedi ndizo hizo hizo zinazoshika miguu ya shafti ya roka. Maana yake huwezi kukaza hedi yote ukamaliza halafu ukaja na roka baadaye. Vyote vinakaa kwanza, kukaza ni mwisho.

Dondosha pushirodi moja moja, kila moja kwenye tundu ililotoka (kama hukuziweka alama wakati wa kufungua zipange tu, ila kagua kama zimenyooka kwa kuzivingirisha juu ya kioo). Ncha ya chini lazima iingie kwenye kikombe cha tapeti. Ukiizungusha kwa vidole na kuivuta juu kidogo utahisi inanyonywa na oili, hiyo imekaa. Ikielea huru au ikisimama fupi kuliko wenzake imeshuka pembeni, itoe urudie.

Legeza skrubu zote za tapeti juu kabisa. Hakikisha tundu la oili la shafti ya roka na la mguu wake yako wazi, pakaza oili kila kitu, weka roka juu, ingiza bolti zake zote, halafu kaza kidogo kidogo kila upande huku ukiangalia ncha za skrubu za roka zinaingia kwenye vikombe vya juu vya pushirodi. Moja ikitoka unasimama, unairudisha, ndiyo unaendelea. Ukilazimisha inapinda hapo hapo.

KUKAZA KWA TOKI RENCHI

Kama huna toki renchi azima au kodi, lakini usikaze hedi kwa spana na bomba. Mkono wa fundi ni mzuri kwa mengi ila hakuna mkono unaoweza kukaza bolti zote za hedi zilingane.

Bolti kubwa za nusu inchi ni pauni-futi 65, ambayo kwenye toki renchi ya kisasa ni Nm 88. Zile ndogo za 5/16 za roka ni pauni-futi 18, kama Nm 24. Paka tone la oili nyepesi kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti, siyo kuloweka. Anza katikati ya hedi, nenda nje kwa kuzunguka, kulia kushoto mbele nyuma, mpaka ncha. Raundi ya kwanza zote Nm 40, ya pili Nm 65, ya tatu 88, halafu raundi ya nne ya kuhakikisha kwa mpangilio ule ule. Vuta toki renchi kwa mwendo mmoja usiokatika mpaka ilie, ukisimama katikati na kuanza tena itakupa namba ya uongo. Bolti ikizunguka tu bila kupanda, acha, nyuzi zimekwisha, toa uone kabla haijaharibika zaidi. Ndogo za roka zifuate mwisho.

TAPETI

Toa plagi zote, weka gia nyutro, zungusha injini kwa hendeli ya mbele. Nafasi ni inchi 0.010, yaani 0.25 mm, inteki na eksozi sawa. Valvu zihesabu kutoka mbele kwenye feni, 1 mpaka 8.

Njia rahisi ni ya tisa: valvu iliyofunguka kabisa na ile unayoweka, jumla iwe 9. Namba 8 ikiwa imesukumwa chini kabisa weka namba 1. Endelea kuzungusha, 6 ikiwa chini weka 3, 4 ikiwa chini weka 5, 7 weka 2, 1 weka 8, 3 weka 6, 5 weka 4, na 2 ikiwa chini weka 7. Kwa mpangilio huo unazungusha injini raundi mbili tu na umemaliza zote, ukifuata 1, 2, 3, 4 utazungusha mpaka mgongo ukatae.

Legeza nati, ingiza fila geji, kaza skrubu mpaka geji ivutike kwa ugumu kidogo, shikilia bisibisi isizunguke, kaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati ikikazwa inavuta skrubu. Kama uso wa roka una shimo la kulika, geji itapita juu ya shimo na nafasi halisi itakuwa kubwa kuliko unayosoma, tapeti zitalia hata ufanyeje, dawa ni kusawazisha au kubadilisha roka.

MANIFOLDI, MAJI NA VILIVYOBAKI

Manifoldi ya inteki na ya eksozi zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kabla ya kuzifunga legeza kwanza bolti zinazoziunganisha, kaza zote mbili kwenye hedi kwa gasketi mpya, ndipo ukaze zile za kuunganisha. Ukifanya kinyume moja inavutwa upande, baadaye inapasuka au inavuta hewa na utalaumu kabureta bure.

Thermostati sasa. Nchi ya joto, kwa hiyo fundi anaitoa na kuitupa, anasema gari litapoa. Kwenye injini hii siyo hivyo. Thermostati yake ya asili ina sketi chini, ikipata moto inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo sketi inaziba njia fupi ya maji inayorudi kwenye wota pampu. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji hayapiti rejeta kabisa, yanazunguka yakiwa ya moto. Ijaribu kwenye sufuria ya maji jikoni, ikifunguka irudishe, isipofunguka nunua nyingine yenye sketi hiyo hiyo.

Mipira ya rejeta iliyovimba ibadilishe leo, ni ya bei ndogo kuliko gasketi. Rejeta yenyewe kama ndiyo iliyosababisha hedi kuungua na hujaisafisha, usiwashe kwanza, unarudi ulikotoka.

Oili ya zamani imwage yote hata kama ilibadilishwa juzi, maana maji yaliingia, kama ilikuwa rangi ya chai ya maziwa ndiyo kabisa. Weka filta mpya na 20W-50, inaingia kama lita 7 ukihesabu filta. Waya za plagi ni 1-3-4-2, angalia rota inazunguka upande gani kwa kuzungusha hendeli ndipo uzipange. Plagi ziachie 0.75 hadi 0.80 mm, pointi kama distributa ni Lucas 0.35 hadi 0.40 mm.

KUWASHA

Usiwashe bado. Plagi zikiwa nje na waya wa koili umetolewa, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, kava la tapeti likiwa wazi, na usubiri uone oili inachuruzika kwenye roka zote, za mbele na za nyuma. Roka isiyopata oili ukiigundua sasa ni dakika chache, ukiigundua njiani ni shafti nzima. Ndipo funga kava, plagi, waya. Jaza maji taratibu na koki ya hita ikiwa wazi ili hewa itoke.

Ukiwasha kwa hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie hendeli. Injini ikirudisha nyuma inavunja kidole, na hedi mpya ina kompresheni kuliko uliyoizoea.

Ikiwaka iache kwenye silensa (mzunguko wa gari likiwa limesimama) ya juu kidogo, usiikoroge. Kifuniko cha rejeta kikiwa wazi angalia maji: mapovu machache mwanzo ni hewa inatoka, mapovu yasiyokwisha na yanayoongezeka ukipiga resi ni moshi wa silinda, zima. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe wakati injini bado ya baridi ni jibu lile lile. Moshi mweupe wa mara ya kwanza ni maji yaliyobaki kwenye eksozi, unaisha gari likipata moto. Pita na tochi nyuma ya hedi, kwenye plagi za maji na chini ya manifoldi.

Ikifika joto lake la kawaida zima, iache ipoe kabisa, hata mpaka kesho yake asubuhi. Kaza upya kwa mpangilio ule ule: bolti moja, ilegeze kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, irudishe Nm 88, ndipo uende ya pili, usilegeze zote kwa pamoja. Ukishakaza tapeti zote zimebadilika, kwa hiyo weka 0.25 upya, washa mpaka ipate moto, zikague tena. Endesha kama kilomita 500 bila kubeba mzigo mzito wala kuvuta gari la mtu, kisha rudia kukaza na tapeti, na mwaga oili hiyo ya kwanza pamoja na filta. Kabla ya kuimwaga yote kinga kidogo kwenye kopo safi uiangalie juani, ukiona chenga zinazometa fungua sampu kabla hujaongeza oili mpya.